Sumaku mu Kitambala

Zawadi mwanangu,

Mambo ya nguo, ya sabuni, ya kuchunga sakosi, ule mufuko ya safari, mu gari, Mama Kavira atakuambia mu njia. Yeye njo anajua safari. Mimi niko na neno moja tu, lakini siwezi kuisema haraka. Uvumilie.

Ni siku ya Mungu, muchana. Watu wako mu kanisa. Nimekaa ku depo ya madini ya Papa Kambale juu ya mifuko, mvula inapiga mabati. Wewe uko ku nyumba, unalala, unaangalia ukuta. Nilikuacha vile. Jana nilijaribu kukuambia kwa kinywa. Nilisema, "Zawadi." Ukafunga macho. Basi naandika. Kusoma ungali unasoma. Nilikuona unasoma gazeti yenye walifungia chumvi.

Mwandiko wangu unaujua. Niliacha masomo mu mwaka ya tatu ya primeri. Kama kuna fasi hauelewi, soma tena polepole. Usimupatie Mama Kavira akusomee. Hii ni yako peke yako.

Nianze na sumaku, juu ni sumaku njo inakutoa hapa Mubi kesho, kwenda Nairobi.

Ile siku mama yako mukubwa alipiga simu kutoka Nairobi, nilikuwa ku kazi. Unajua kazi yangu. Wachimbaji wanaleta muchanga ya kasiterite, tunaikausha ku bati juu ya moto, kisha mimi napitisha sumaku. Ile sumaku tuliitoa mu bafle ya radio yenye iliungua. Naifunga na sashe ya plastiki, naipitisha juu ya muchanga polepole. Chuma inaruka, inasimama sawa nywele. Natoa sashe, chuma inaanguka pembeni, tunaitupa. Yenye inabaki njo mali. Nafanya vile asubui mupaka jioni. Mukono inafanya, kichwa inalala.

Sasa mama yako mukubwa ananiambia: "Shemeji, huku kuna masini ya ugonjwa ya Zawadi. Wanamukalisha ku kiti, wanamuwekea sumaku ku kichwa, inapiga tok tok tok. Hakuna kumulaza, hakuna kumupasua."

"Sumaku?"

"Sumaku ya nguvu. Wanganga wanasema kuna fasi mu ubongo inalala mu ule ugonjwa. Sumaku inaiamsha."

"Wanapona?"

"Wengine wanapona. Wengine hapana. Ni kwenda kila siku, juma kwa juma."

Mimi sikusikia "inaiamsha." Nilisikia sumaku tu. Nikasema mu roho: iyo naijua. Sumaku inatoa mubaya, muzuri inabaki. Kama ni vile, kwa nini tungojee Nairobi?

Njo vile nilikuletea ile sumaku ndogo, nikaishona mu kitambala yako ya kichwa. Haukuuliza. Nilikufunga, ukaacha nikufunge. Ukatembea nayo mu Mubi yote. Watoto wakajua, wakakufuata nyuma na misumari, wanakutupia ku kichwa waone kama itanata. Ilinata moja. Haukuitoa. Ulifika nayo ku nyumba.

Papa Kambale akanicheka mbele ya watu wa depo. "Papa Zawadi, ukipata koltan mu kichwa ya mutoto, usiuzie muntu mwengine. Uje kwangu, mimi njo patron yako!" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa na tumaini, njo maana.

Kisha ile siku ya sombe. Mimi nakula, wewe umeshika kijiko tu. Haukuwa umeniambia neno tangu watu walipanda mahindi. Ukasema:

"Papa, inavuta."

Nikaacha kula. "Inavuta nini?"

Ukaweka kidole nyuma ya sikio ya kushoto. "Hapa. Ndani. Sawa muntu anavuta jino."

Mutoto wangu amesema! Nilitaka kutoka inje niite majirani. Nilifikiri ugonjwa njo inatoka. Uliniona nasimama. Kisha nikakumbuka, nikakaa tena. Nikakutoa kitambala. Nikasema, "Acha iyo, ilikuwa muchezo." Ukarudi ku ukuta. Haukusema tena mupaka leo.

Sasa nikuambie nilikumbuka nini.

Ile kovu nyuma ya sikio, nilikuambiaka ulianguka juu ya mawe wakati tulikimbia Masisi. Ni uongo. Hakukuwa mawe. Bombe ilianguka mu shamba ya maharagi ya babu yako, kule juu ku kilima, muchana, watu wako wanalima. Mama yako alikulalia. Chuma zilipita kwake mbele ya kufika kwako. Yeye njo alizipunguza nguvu. Nilikutoa chini yake, ungali unalia.

Munganga wa pale akatoa vipande mu bega, akatoa mu shingo. Ya nyuma ya sikio akashindwa. Akaniambia, "Papa, hii imeingia mu mufupa. Nikiichokoa nitamuharibu mutoto. Iache. Watu mingi wako na chuma mu mwili na wanaishi." Nikaiacha. Ulikuwa mudogo. Ulikuwa unatembea na viatu vya mama yako, vinakutoka miguu kila hatua, na haukukubali muntu avitoe.

Sikukuambia, juu singeweza kukuambia chuma bila kukuambia fasi ilipitia. Ungeuliza. Wewe ulikuwa mutoto wa kuuliza. Nikasema mawe, ukaamini. Ulipokomaa kidogo ulikuwa unaonyesha wenzako ile kovu, unasema, "Jiwe ya Masisi ilinibusu hapa." Wanacheka. Wewe ulikuwa unachekesha watu, Zawadi. Ulikuwa unamuiga katekista mupaka katekista mwenyewe anashika tumbo. Na mimi, ukisema ile ya jiwe, nilikuwa natoka inje.

Nyuma ya bombe nikaenda Rubaya, nikakuacha kwa bibi yako. Nikabeba mifuko ya koltan, kutoka ku mashimo mupaka fasi pikipiki zinafika. Watu walisema, Papa Zawadi ni muntu wa nguvu, anashusha mufuko, anapanda tena bila kupumua. Haikuwa nguvu. Nikiweka muzigo chini, naona shamba. Nikibeba, naona matope na kisigino ya mwenye iko mbele yangu, basi. Nilibeba mupaka mugongo ikaharibika. Hapo nikarudi kwa bibi yako, nikalala. Nikaangalia ukuta, na mimi.

Hii haukuijua. Bibi yako alisema ni malaria. Nikakubali ni malaria. Watu wakaleta ndizi, wakaleta pole ya malaria. Nilikuwa nasikia wanaongea sawa wako ngambo ya muto. Siku moja ukaja ukakaa juu ya tumbo yangu ukasema uko na njaa. Bibi yako alikuwa ku soko. Nikasimama nikakuchomea kiazi. Kesho yake ukakaa tena juu ya tumbo. Njo vile nilitoka. Haikuwa akili, haikuwa maombi. Ilikuwa njaa yako.

Kwa hiyo usingojee nikuambie vile muntu anatoka mule. Sijui. Na wewe hauna mutoto wa kukukalia ku tumbo. Mara mingi nafikiri ile ugonjwa uliipata kwangu, sawa vile ulipata pua yangu.

Mimi njo nilipaswa kuijua mbele ya watu wote. Lakini ulipoanza kulala, nilisema ni uvivu. Nilikumwagia maji ya baridi. Nilikutukana ku kisima mbele ya wenzako, maneno ile sitaiandika, unaikumbuka. Kisha nikakupeleka mu chumba ya maombi. Wakasema ni pepo. Wakakunyima chakula, wakakupigia kelele mu masikio, na mimi nilikuwa nakushika mikono usikimbie. Haukuwa unakimbia. Ile njo inaniuma mupaka leo. Nilikuwa nashika kwa nguvu mikono ya muntu mwenye hakuwa anavuta.

Kisha dawa, vile vinini vya munganga wa Walikale. Vya kwanza vilikulaza. Vya pili vilikutetemesha, ukashindwa kushika kikombe. Ukaniambia, "Papa, kulala, mimi najua bila vinini." Nilicheka. Wewe haukucheka. Hapo nikaona ugonjwa imekula mupaka fasi ya kicheko.

Sasa simu ya pili.

Mama yako mukubwa akasema nafasi imepatikana, lakini wanganga wako na maulizo. Alikuwa na karatasi, ananisomea.

"Zawadi iko na kifafa?"

"Hapana."

"Iko na mimba?"

"Hapana."

"Iko na chuma mu kichwa? Risasi, kipande ya bombe, kintu yote ya chuma?"

Rezo ya simu ilikuwa muzuri ile siku. Singeweza kusema sikusikia.

"Hapana," nikasema.

"Hapana?"

"Nimeshasema hapana, shemeji."

Haikuwa kusahau. Ile siku ya sombe ilikuwa imepita, nilikuwa najua. Nilisema hapana juu niliona mulango moja tu mu dunia muzima, na niliogopa wataifunga.

Nyuma ya siku kidogo, chakula ikanikataa. Nikapanda kule juu fasi rezo inashika muzuri, nikamupigia. Nikamuambia yote, ya bombe, ya mufupa, ya sumaku mu kitambala. Kisha akasema:

"Ile chuma ni kubwa?"

"Munganga alisema sawa mbegu ya muhindi."

"Basi ni kidogo. Nyamaza."

"Shemeji, wanaogopa nini na chuma?"

"Wanasema sumaku inaweza kuisogeza. Ao kuipasha moto."

"Mu kichwa?"

"Baba Zawadi! Nilipiga magoti mbele ya watu juu ya ile nafasi. Ukisema, wataipatia mutoto wa mwengine. Unataka wako apone ao hapana?"

Nikasema nataka apone. Akakata.

Usimuchukie. Haiko mubaya. Alimuzika mudogo wake, na anaona sura ya mudogo wake kwako. Lakini yeye hajaona chuma inaruka. Mimi naiona kila siku. Napitisha sumaku juu, bado haijagusa, na ile chembe inaondoka fasi yake. Na iyo ni sumaku ya bafle. Yao, alisema, ni ya nguvu.

Njo sababu nakuandikia wewe. Hakuna mwengine. Mama mukubwa hatasema. Mama Kavira hajui kitu, anaenda tu kukufikisha. Wale wanganga wa kule siwajui sura, sijui namba yao, na hata ningeijua, wangesikia Swahili yangu wangecheka. Inabaki kinywa yako. Mbele ya kukukalisha ku kile kiti watakuuliza tena, wewe mwenyewe. Najua vile wanganga wako, wanauliza neno moja mara mingi. Ukinyamaza, ao ukitikisa kichwa, mama mukubwa atakujibia. Na wataiwasha.

Sasa fasi yenye naogopa. Tangu nilianza hii karatasi naizunguka.

Wakati ya mvula kubwa, mbele ya watu kupanda mahindi, uliniambia, "Papa, ningelala moja kwa moja, bila kuamuka, na wewe ungepumzika." Nilitoka inje nikapasua kuni, na kuni zilikuwa zimeshapasuliwa. Kwa hiyo najua ni nani nampatia hii barua. Naandikia muntu mwenye amechoka, na namuambia kuna hatari yenye anaweza kuingia kwa kunyamaza tu. Hakuna papa mwenye akili anafanya vile. Nimeshakunja hii karatasi nikaitia karibu na moto ya bati, nikaitoa. Unaona pembe imekuwa nyeusi.

Lakini nilishakudanganya juu ya mawe. Nikinyamaza na juu ya hii, utakaa ku kile kiti haujui uko na nini mu kichwa yako mwenyewe, haujui mama yako alifanya nini. Siwezi. Nilikushika mikono mara moja. Sitakushika tena.

Na ile neno yako ya wakati ya mvula, jibu ni hii: sitapumzika. Haujui muzigo, Zawadi. Mimi najua. Nilibeba mupaka mugongo ikaisha. Wewe haujawahi kuwa muzigo kwangu hata siku moja, hata siku ya maji ya baridi. Nilikuwa mujinga, sikuwa nimechoka na wewe.

Sisemi utapona. Nikikuandikia utapona, utajua ni mimi yule wa mawe. Ukiwaambia ndiyo, pengine watapiga radio ya kichwa, ile picha ya ndani, waone ile chuma, waseme masini haiwezekani. Pengine watasema iko mbali na fasi yao, wataendelea. Pengine wako na dawa ingine. Sijui kitu. Wakikurudisha, utarudi Mubi na njia ileile, na ukuta ni uleule, na mimi sina mupango ingine. Nimetafuta. Nimeuliza watu wa Walikale, nimeuliza padri, nimeuliza mupaka wachuuzi wa dawa ku soko. Nyuma ya ile masini sioni kintu. Mu roho yangu ni giza, sitaificha.

Lakini kama ni kuchagua, nachagua wewe wa ku ukuta. Wewe mwenye haunijibu, mwenye hauli sombe. Nakuja kutoka ku kazi, nafungua mulango, nasikia unapumua. Iyo njo mushahara yangu. Najua wewe hauioni vile. Kwako kupumua njo kazi yenyewe. Hapo mimi na wewe hatuelewani, na sina neno ya kukushinda. Ningekuwa na masomo ningeitafuta. Nakuomba tu, sawa muntu anaomba.

Wakikuuliza, sema ndiyo. Onyesha na kidole kama kinywa inakataa. Nyuma ya sikio ya kushoto, mu mufupa. Mama mukubwa atakukata neno, atasema mutoto anachanganyikiwa, njo ugonjwa. Wewe acha kidole pale.

Kesho sitakuuliza kama ulisoma. Nitaweka hii mu mufuko ya ile jaketi ya kijani. Nitakupandisha ku pikipiki, nitafunga sakosi, nitamuambia dereva aende polepole ku matope. Maneno itakuwa imeisha.

Kisha nitakaa na telefone mu mukono. Juma yenye watakuingiza kwa wanganga, mama yako mukubwa atanipigia. Kama anapiga na sauti ya upole, ananiambia shemeji mambo inaenda, mutoto amekaa ku kiti muzuri, nitajua ulinyamaza. Lakini kama anapiga na makelele, ananiita mujinga, muntu wa pori, muharibifu wa mutoto, anasema nafasi imepotea juu ya kinywa yako na yangu, nitajua ulisema ndiyo, na uko muzima.

Zawadi, mama yangu. Nifanyie anitukane.

Papa yako